Nambari Waliyoipata Edani

Watu walipomwuliza Bi Mwatima ni siku zipi za maisha yake zilizokuwa tamu kuliko zote, walitegemea ataje harusi yake, au zile zama kisiwa kidogo cha Chole kilipokuwa mji wa watu, nyumba za mawe zikipakwa chokaa kila Ramadhani ikikaribia. Yeye alijibu bila kupepesa macho, "Siku za eda yangu."

Wenye adabu waliinamisha vichwa. Wasio na adabu walitoka wakasema bibi yule alikuwa amemchoka mumewe. Wote walikosea. Mwatima alimpenda Ghalib bin Mbarouk tangu mwaka wa kwanza wa ndoa mpaka alipomfumba macho. Hata mwaka ule Wadachi walipohamisha boma lao kutoka Chole kwenda Kilindoni, watu wakaanza kung'oa milango ya nyumba zao na kuvuka nayo, yeye bado alikuwa akimsikia marehemu akikohoa chumba cha pili. Ila eda ndiyo iliyompa Mwanahalima, na kabla ya hapo Mwanahalima alikuwa mke mwenzake tu, jina lililokuwa likimkaa kooni kama mwiba wa changu.

Ghalib alikuwa na minazi ya kutosha na maneno machache. Ujanani baba yake alimpeleka Unguja kusoma, na wenzake walipokuwa wakirudi na bakora za fedha na vilemba vya kujionyesha, yeye alirudi na mapenzi ya nambari. Mwalimu wake alimfundisha kwamba kila nambari ina tabia yake, na tabia hiyo hujulikana kwa kuzitafuta zile ndogo zinazoigawa bila kubakisha kitu, kisha kuzijumlisha. Nane hugawika kwa moja, mbili na nne. Zijumlishe, unapata saba. Haijitoshi, hiyo huitwa pungufu. Kumi na mbili ina moja, mbili, tatu, nne na sita, jumla kumi na sita. Imejipita, hiyo huitwa zidifu. Sita ina moja, mbili na tatu, na ukizijumlisha unarudi kwenye sita ile ile. Hiyo ndiyo kamili.

"Kamili ni chache mno," Ghalib alimwambia Mwatima miezi ya kwanza ya ndoa yao, walipokuwa bado wanaoneana haya na hawajui wazungumze nini. "Katika mamoja ni sita peke yake. Katika makumi ni ishirini na nane. Katika mamia ni mia nne tisini na sita. Katika maelfu ni elfu nane, mia moja na ishirini na nane. Mwalimu wangu alisema kila cheo kina yake moja. Basi na katika makumi ya maelfu ipo."

"Ipi?"

"Ndiyo ninayoitafuta."

Akamfundisha kugawa. Mwatima alikuwa amesoma Kurani mpaka akahitimu, mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa Ghalib, na kichwa chake kilikuwa chepesi. Basi ikawa ndiyo ada ya nyumba ile. Waume wengine wakirudi na samaki wa kuparuzwa, Ghalib alirudi kutoka shambani na nambari, akaiandika kwenye ubao wa chuoni kwa wino wa masizi, akasema, "Hebu nitazamie hii." Baada ya Alasiri wakaikalia wawili, yeye akigawa kwa witiri kama tatu na tano, Mwatima kwa shufwa kama mbili na nne, mpaka wakaijua kuwa ni pungufu au ni zidifu. Kisha ubao ukaoshwa. Hawakupata mtoto, lakini hawakukosa mazungumzo.

Miaka ikapita, ndugu wakamsema sana Ghalib juu ya mtoto, naye akaoa mke wa pili, Mwanahalima, binti wa watu wa Kiegeani kule kisiwa kikubwa, ng'ambo ya ghuba. Mwatima alivumilia. Alivumilia zamu, alivumilia macho ya majirani, alivumilia kanga mpya. Kilichomchoma ni siku Ghalib alipovuka kurudi, akavua viatu mlangoni, akasema kwa furaha kama anayeleta habari njema, "Mwanahalima kaigawa elfu thelathini na mbili, mia sita na arobaini mpaka ikaisha. Zidifu. Tena kaimaliza peke yake."

Mwatima akaenda jikoni akasimama mbele ya mafiga bila kuwasha moto. Kumbe hata nambari zimepata zamu.

Tangu hapo, kwa miaka, Ghalib alikuwa akivuka ghuba na hesabu za huku kwenda nazo huko, na za huko kuja nazo huku. Wanawake wawili walijuana kwa makosa yao tu. Mwatima alijua kwamba yule wa Kiegeani huwa hodari kwenye saba na hujisahau kwenye tisa. Mwanahalima bila shaka alijua mambo kama hayo juu yake. Walipokutana harusini au msibani, mdogo alitoa shikamoo, mkubwa akaitikia marahaba, basi.

Ghalib aliugua homa wakati wa masika. Mwanahalima aliletwa Chole kumwuguza pamoja na mwenzake, na dada yake Ghalib, Bi Kidawa, mjane mwenye sauti kali na mkono mwepesi wa kusaidia, alishika jiko. Siku ya mwisho mgonjwa alianza kunong'ona. Bi Kidawa alilia akidhani kaka yake anaweweseka. Wake zake, mmoja kulia na mmoja kushoto kwa kitanda, walisikia maneno yenyewe: alikuwa anagawa. Tena alikuwa anakosea. Alisema sita mara saba ni arobaini na nne, akaendelea mbele na kosa lake. Mwatima aliinua macho akakutana na macho ya Mwanahalima, na hakuna aliyemsahihisha.

Wazee wakaamua wajane wote wawili wakae eda pale pale Chole, nyumba moja, ili Bi Kidawa awatazame pamoja.

Siku za mwanzo zilikuwa nzito. Walivaa nguo nyeupe zisizo na nakshi, hawakujitia manukato, hawakutoka nje ya ua, na hawakusemezana ila kwa chumvi na maji. Popo wa Chole walipiga kelele miembeni kutwa nzima kwa sababu ndani hakukuwa na sauti ya kuwashinda. Mwanahalima alikaa pembeni na tasbihi, midomo ikitembea. Mwatima alimheshimu kwa dhikiri yake, mpaka alasiri moja alipopita karibu kuchukua kata ya maji akasikia, "... mia tatu arobaini na moja, kumi na moja inaingia, thelathini na moja mara ..."

Akasimama. "Unasoma uradi gani huo?"

Mwanahalima akashtuka, tasbihi ikamponyoka. "Nisamehe, Bi Mkubwa. Huwa nikihuzunika nagawa."

Mwatima alikaa chini pale pale, kata mkononi. Kisha akasikia mwenyewe akisema, "Na mimi."

Basi ndipo ulipoanza mwaka mpya wa maisha yake, kama alivyokuwa akipenda kusema baadaye. Ubao wa marehemu ukateremshwa kutoka ukutani. Mwanahalima alikuwa na jambo alilolificha moyoni miaka mingi, na sasa hakuwa na wa kumwogopa.

"Bwana alikuwa anazipekua moja moja," alisema. "Mimi sikupata kumwambia, lakini niliona ile ni kutafuta sindano pwani. Ipo njia ambayo yeye mwenyewe alinifunza, kisha akaiacha. Anza na moja, zidisha maradufu: moja, mbili, nne, nane. Jumlisha unavyokwenda. Jumla ikiwa kiziwi, izidishe kwa ile ya mwisho, utapata kamili."

Kiziwi ndilo jina ambalo Ghalib aliwafunza kwa nambari isiyogawika. Unaiita kwa mbili, kwa tatu, kwa saba, haiitiki. Inaijua moja, na inajijua yenyewe.

"Moja na mbili ni tatu, kiziwi," Mwatima alisema polepole. "Tatu mara mbili, sita."

"Na nne ni saba, kiziwi. Saba mara nne?"

"Ishirini na nane. Na nane ni kumi na tano. Hiyo inaitika, kwa tatu na kwa tano. Tunaipita. Thelathini na moja, kiziwi, mara kumi na sita ..." Akacheka, kicheko cha kwanza tangu mazishi, akaziba mdomo kwa mkono. "Zote zinatoka hapa! Kwa nini aliiacha?"

"Kwa sababu inaruka makumi ya maelfu, Bi Mkubwa. Ile elfu thelathini na mbili ndiyo iliyoangukia humo, nami nikaigawa, zidifu. Inayofuata imo kwenye malaki. Mwalimu wake alimwambia kila cheo kina yake, naye hakutaka mwalimu awe amekosea."

Mwatima alikuwa akiwaona: Ghalib wa miaka thelathini, Ghalib wa miaka arobaini, Ghalib mwenye mvi, kila mmoja ameinamia ubao. "Ina maana alikuwa anatafuta chumba ambacho nyumba haina."

"Nadhani hivyo."

"Na sisi tukamshikia taa."

Mwanahalima alisogeza mkeka wake karibu.

Bi Kidawa aliwafumania siku si nyingi baadaye. Aliingia na sinia la mihogo, akaona ubao umejaa tarakimu kutoka ukingo hadi ukingo, akaweka sinia chini kwa kishindo. "Talasimu! Edani! Kaka yangu hajapoa kaburini nanyi mnaandika talasimu! Mnamfunga nani?"

"Wifi, hii ni hesabu tu," Mwatima alisema.

"Hesabu ya nini isiyo na kitu cha kuhesabiwa?" Akaunyakua ubao, akauosha ndani ya beseni, akasimama nalo katikati ya ua. Hapo akakwama. Maji ya ubao wa Kurani huwa hayamwagwi ovyo, hunywewa au humwagwa mahali safi. Maji ya talasimu je? Aliangalia mpapai, akaogopa usije ukakauka. Aliangalia njia, akaogopa wapitao. Akageuka na beseni mikononi, uso wote umemwiva. "Basi niambieni niyamwage wapi!"

Mwanahalima aliuma upindo wa nguo asicheke. Mwatima alimpokea wifi yake beseni, akamkalisha, akamwuliza, "Dunia iliumbwa kwa siku ngapi?"

"Sita. Nani asiyejua?"

"Vituo vya mwezi angani ni vingapi? Herufi za kusomea ni ngapi?"

"Ishirini na nane."

Akamwonyesha, kwa punje za mahindi juu ya mkeka, jinsi sita inavyogawika na kurudi kuwa sita, na ishirini na nane inavyogawika na kurudi kuwa ishirini na nane. Bi Kidawa alizisogeza punje mwenyewe, mara ya kwanza, mara ya pili. Kumi na nne, saba, nne, mbili, moja.

"Na hii ndiyo ilikuwa inamkalisha kaka yangu miaka yote ile?"

"Ndiyo hii."

"Mimi nikidhani ana deni analolificha." Akajipangusa macho kwa kiganja. "Haya, andikeni. Ila mkisikia hodi, mfunike."

Wakaendelea. Mia tano na kumi na moja iliitika kwa saba. Elfu moja na ishirini na tatu iliitika kwa tatu. Wakafika elfu mbili, arobaini na saba. Waliiita kwa tatu, haikuitika. Kwa saba, kwa kumi na moja, kwa kumi na tatu, kwa kumi na saba, kwa kumi na tisa: kimya. Mwatima alishindwa kujizuia. Akakata shauri palepale kuwa ni kiziwi, akaizidisha, ikatoka laki ishirini, elfu tisini na sita, mia moja na ishirini na nane. Akaiandika peke yake juu ya ubao kwa mwandiko wake bora kabisa, wakamsomea Ghalib fatiha, naye Bi Kidawa akapika wali wa nazi ingawa haikuwa Ijumaa.

Mwatima alitembea siku kadhaa kama mtu aliyeshusha mzigo. Alikuwa akiuambia ukuta, kimoyomoyo: tumekuletea.

Kisha alasiri moja alitaka kumwonyesha Bi Kidawa jinsi kiziwi anavyoitwa akanyamaza. "Taja nambari yoyote isiyogawika, wifi."

"Hata sijui. Ishirini na tatu."

Mwatima akaanza kugawa elfu mbili, arobaini na saba kwa ishirini na tatu, akieleza kila hatua. Themanini na tisa. Akatoa. Akatazama tena.

"Mbona haijabaki kitu?" Bi Kidawa aliuliza. "Si ulisema itabaki?"

Mwatima hakumtazama wifi yake. Alimtazama Mwanahalima, na Mwanahalima alikuwa ameinamia ukindu wake akisuka haraka mno, na masikio yake yalikuwa yamesimama. Kwa hiyo alikuwa anajua.

"Tangu lini?"

"Kesho yake, Bi Mkubwa. Niliigawa tena alfajiri."

"Ukaninyamazia."

"Ulikuwa unaimba jikoni. Sijapata kukusikia ukiimba."

Mwatima akasimama. "Mimi ni mtoto wa kupewa pipi? Miaka yote Bwana alikuwa akinichagulia la kuniambia na la kuniacha nalo. Akivuka kwako ananiambia anakwenda kutazama minazi. Leo na wewe?"

Bi Kidawa akaondoka polepole na sinia tupu.

"Na kwangu," Mwanahalima alisema, sauti ikitoka kwa shida, "alikuwa akija anakusifu wewe. Mwatima ana mwandiko, Mwatima hakosei kwenye tisa. Nikafunga ndoa na mtu, nikaishi na sifa za mtu mwingine. Unajua kwa nini nilijifunza kugawa? Nilitaka siku moja avuke kwako akanitaje mimi."

"Alikutaja," Mwatima alisema. "Nusura nikuchukie mpaka kufa."

Walitazamana. Halafu Mwatima akakaa, na wakalia wote wawili, si kwa ajili ya Ghalib peke yake, na walipomaliza kulia Mwanahalima akapenga kamasi akasema, "Tuliishia kumi na tisa. Tulitakiwa tufike arobaini na tano."

"Kwa nini arobaini na tano? Kwa nini tusiende mpaka mwisho?"

"Kwa sababu nambari inayogawa haiji peke yake, ina mwenzake. Ishirini na tatu ana themanini na tisa. Mmoja akiwa mkubwa, mwingine atakuwa mdogo. Arobaini na tano mara arobaini na tano inakaribia elfu mbili na arobaini na saba. Wote wawili hawawezi kuzidi hapo. Kwa hiyo ukiwapitia wadogo wote usimpate hata mmoja, wakubwa nao hawapo. Kama wake wenza. Mmoja akionekana dirishani, ujue na mwingine yumo ndani."

Mwatima alitamani kukasirika tena, akashindwa.

Elfu nne na tisini na tano iliitika kwa tano, hawakupoteza hata wino. Iliyofuata ilikuwa elfu nane, mia moja na tisini na moja. Hii waliichukulia kwa utaratibu wa watu waliokwisha kuaibika. Kila kiziwi mdogo mpaka kufikia tisini angeitwa, na kila mmoja angeitwa mara mbili, kila mke kwa zamu yake, bila kuona kazi ya mwenzake.

Kwa mbili ilibaki moja. Kwa tatu ilibaki moja. Kwa tano, kwa saba, kwa kumi na tatu, ilibaki moja, moja, moja, kana kwamba kuna mtu anayewafungulia mlango kidogo na kuufunga. Kwa kumi na tisa zilibaki mbili. Bi Kidawa, ambaye sasa alikuwa akija na kazi zake za mikono akae nao, alikuwa akiuliza kila mara, "Imeitika?" nao wakijibu, "Haijaitika," naye akisema, "Hana adabu huyo," akaendelea kuchambua mchele.

Siku hizo ndizo alizozikumbuka Mwatima. Mvua za mwisho za masika zilikuwa zikipiga makuti ya jiko. Mwanahalima akigawa alikuwa akitoa ncha ya ulimi kama mtoto. Walijifunza kuchekeana kwa makosa: yeye kwa sita, mwenzake kwa tisa. Kati ya hesabu na hesabu walikuwa wakimtaja Ghalib, jinsi alivyokuwa akipoteza viatu, jinsi alivyokuwa akisalimia mbuzi wa jirani kwa heshima, na kila mmoja aligundua kwamba mwenzake alikuwa na nusu ya mtu yule ambayo yeye hakuwahi kuipata.

Wa mwisho kuitwa alikuwa themanini na tisa. Zamu ya kwanza ilikuwa ya Mwanahalima. Aligawa, akafunika ubao kwa ukaya wake wa kichwani, akampisha mwenzake bila kusema kitu. Mwatima akagawa kwa upande wake. Tisini na mbili mara themanini na tisa: elfu nane, mia moja na themanini na nane. Akatoa.

"Zimebaki tatu," alisema.

"Tatu," Mwanahalima alisema.

"Imeitika?" Bi Kidawa aliuliza.

"Haikuitika, wifi. Ni kiziwi."

Bi Kidawa akapiga kigelegele, akakumbuka ni nyumba ya eda, akajiziba mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka.

Wakaizidisha kwa elfu nne na tisini na sita. Kisha Mwatima akasema hawataisoma mpaka wajumlishe vipande vyake vyote, kimoja kimoja, kama Ghalib alivyokuwa akifanya. Ikawachukua alasiri nzima, wakijumlisha na kuosha na kujumlisha, na jumla ikarudi ile ile: laki mia tatu thelathini na tano, elfu hamsini, mia tatu na thelathini na sita. Hakuna aliyeimba safari hii. Walikaa wakiutazama wino ukikauka, na mara hii fatiha waliisoma taratibu.

"Haikuwa kwenye chumba alichokuwa akikipekua," Mwatima alisema.

"Lakini ilikuwamo nyumbani," Mwanahalima alijibu.

Eda ikaisha. Wakaoga, wakavaa nguo za rangi, na kaka yake Mwanahalima, Ussi, akaja kumchukua kumrudisha Kiegeani. Pale ufukoni watu walishangaa kuona wake wenza wameshikana mikono hawaachiani, mpaka Ussi akakohoa. Baada ya mwaka Mwanahalima aliolewa na mkulima wa kijiji cha Kanga aitwaye Muhidini, akapata watoto watatu mfululizo. Kwa muda walipelekeana salamu kwa wasafiri, na ndani ya salamu vijinambari, maana walikuwa wameanza kuitafuta kamili ya sita. Wasafiri walikuwa wakizichanganya. Mtu mmoja alimfikishia Mwatima kwamba Mwanahalima anamsalimu na kwamba ameuza kuku mia moja hamsini na mmoja. Taratibu nambari zikaisha, zikabaki salamu, kisha salamu zenyewe zikapungua.

Ndipo boma likahama. Bi Kidawa alikuwa amekwisha kufa, majirani wamevuka, na nyumba za Chole zilizobaki zikaanza kuota mizizi ya miti ya mivumu kwenye kuta. Mwatima alikaa humo peke yake msimu mmoja, akauona ni mrefu. Siku moja akafunga kanga zake, akavuka, akapata punda wa kukodi, akashika njia ya Kanga.

Alimkuta Mwanahalima uani akimenya mihogo. Alikuwa amenenepa, jino moja la mbele halipo. Kisu kilimwanguka.

"Bi Mkubwa! Shikamoo!"

"Marahaba, mwanangu. Niite dada tu. Ukewenza ulikwisha zamani."

Walikaa, wakala, watoto wakaletwa kusalimia. Hatimaye Mwatima aliuliza lile alilolibeba njia nzima. "Unakumbuka elfu nane, mia moja na tisini na moja kwa thelathini na saba ilibaki ngapi?"

Mwanahalima alifikiri, akatikisa kichwa. "Nimesahau, dada. Nimesahau karibu zote. Siku hizi hata kuku nahesabu kwa kukisia."

Zilibaki kumi na nne. Mwatima alikuwa amezitunza zote, kila baki, kama mtu anayetunza nguo za maiti.

"Lakini nakumbuka ulivyolia," Mwanahalima aliendelea, akichukua muhogo mwingine.

"Siku ya ugomvi?"

"Hapana. Siku ile ya themanini na tisa. Ulipoona zimebaki tatu uligeukia ukuta, ukadhani hatukuoni. Bi Kidawa alinikonyeza nisiseme kitu. Na kabla ya hapo, kila ukigawa vizuri, ulikuwa ukipiga paja langu, si lako. Paja lilikuwa likiniwaka." Akacheka, pengo lake wazi. "Hukumbuki?"

Mwatima hakukumbuka hata kidogo. Alijaribu kujiona akipiga paja la mwanamke mwingine kwa furaha, na taratibu, kutoka mbali, akaanza kujiona.

"Nieleze vizuri," alisema. "Nieleze na mengine."

Mwanahalima akamweleza, mpaka mihogo ikaisha na Muhidini akarudi kutoka shambani, akamwamkia mgeni, akamwuliza atakaa siku ngapi. Mwatima akafungua kinywa kutaja idadi.

"Usimhesabie," Mwanahalima alimwambia mumewe, akiinuka na beseni la mihogo. "Chumba cha uani kipo, kinataka kufagiliwa tu. Kesho utamtuma mtu Chole akachukue masanduku yake."

"Sijasema nakaa," Mwatima alisema.

"Hujasema," Mwanahalima alikubali, akamwita mtoto mkubwa alete ufagio.